Tarikh ya Rangi za Gemu: Kutoka Kyoto hadi Mlali

Miongoni mwa mabishano ya zama hizi ambayo mtu asiyeyajua huyadhania madogo, na ambayo aliyezama ndani yake hukuta humo hikma nyingi za fizikia, za historia na za uadilifu wa ushahidi, limo shauri la rangi za gemu za kale za televisheni. Mbingu ambayo Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu, alikimbia chini yake tangu mwaka 1985, je, ilikuwa buluu ya samawati, au ilikuwa buluu iliyoingia urujuani? Wako wenye ujuzi wanaoapa kwa jibu la kwanza, na wako wenye ujuzi wa kiasi hicho hicho wanaoapa kwa la pili, na kila kundi lina vipimo vyake na majedwali yake ya rangi. Nia yangu ni kulisimulia jambo hili tangu chanzo chake, na kulifikisha mpaka Mlali, chini ya milima ya Uluguru. Nafanya hivyo kwa kuwa naitakidi kwamba macho ya watu wa mahali kama Mlali nayo yaliona, na kwamba hukumu iliyotolewa pasipo ushahidi wao ni hukumu pungufu.

Mlali ni kata ya wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro. Msafiri atokaye Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa huiacha barabara kuu pale Sangasanga, akapita Mzumbe penye chuo kikuu, kisha akaingia Mlali kabla ya njia haijaanza kupanda kuelekea Mgeta. Ni nchi ya mboga na nyanya, na mkulima wa huko hahitaji chombo cha kumwambia nyanya hii imeiva na hii bado. Wekundu wa nyanya anao machoni na mkononi, na lau televisheni ingemwonyesha nyanya ya rangi ya chungwa, angejua mara moja kwamba kosa liko katika televisheni. Jambo hili ndilo ninaloomba msomaji alishike kwanza, kwa sababu juu yake limesimama shauri lote: picha ya nyanya ina asili yake shambani, na picha inaweza kupelekwa mbele ya asili ili ipimwe, ama mbingu ya Mario haina asili yoyote duniani. Haikupigwa picha mahali, haikuchorwa kwa wino ukutani. Asili yake ni mtikisiko wa umeme ndani ya waya, na mtikisiko haujawa rangi mpaka televisheni iutafsiri.

Basi hapana budi tuanze na televisheni yenyewe. Mwezi wa Desemba 1953 Marekani iliidhinisha kanuni ya kurusha picha za rangi iliyojulikana kwa herufi NTSC. Wakati huo mamilioni ya nyumba zilikwisha kuwa na televisheni nyeusi na nyeupe, na haikuwa insafu kuwaambia wenye nyumba hizo wavitupe vyombo vyao. Kwa hiyo wataalamu waliuacha mwanga wa picha usafiri kama zamani, wakapandisha juu yake wimbi dogo la pili, lenye kutikisika karibu mara milioni 3.58 kwa sekunde, wakalitwika wimbi hilo kazi ya kubeba rangi. Kimo cha wimbi kilisema rangi ina nguvu kiasi gani, na pembe yake, yaani kuwahi au kuchelewa kwake kwa kulinganisha na kipimo kilichotangulia mbele ya kila mstari, ilisema ni rangi gani. Ulikuwa ustadi mkubwa, walakini ulikuwa na taksiri moja: pembe ikipotoka njiani, hata kidogo, rangi hugeuka kuwa rangi nyingine, na uso wa msomaji wa habari huingia ukijani au uzambarau. Ndiyo maana televisheni za Marekani ziliwekewa kitufe cha kugeuza pembe, na kila baba wa nyumba akawa kadhi wa rangi sebuleni mwake.

Mjerumani Walter Bruch, wa kampuni ya Telefunken mjini Hannover, aliionyesha dawa ya kasoro hiyo mwaka 1963. Kwa kanuni yake iitwayo PAL, sehemu moja ya wimbi la rangi hupinduliwa kila baada ya mstari mmoja, hata kosa lililouvuta mstari huu upande wa kulia huuvuta ufuatao upande wa kushoto, na makosa mawili yakikutana huuana. Rangi hufifia kidogo, lakini haihami kwenda kuwa rangi nyingine. Uingereza na Ujerumani ya Magharibi zilianza kurusha matangazo kwa PAL mwaka 1967, na mwaka huo huo Ufaransa ilianza kwa kanuni yake ya tatu, SECAM, aliyoibuni Henri de France. Dunia ikagawanyika kwa rangi mafungu matatu, na mipaka ya mafungu hayo aghalabu ilifuata njia za biashara na za tawala zilizotangulia.

Afrika Mashariki iliangukia fungu la PAL. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, zote zikianza kwa nyeusi na nyeupe; ila Zanzibar, ilipofungua kituo chake mwaka 1973, iliingia moja kwa moja katika rangi, ikahesabiwa ya kwanza kufanya hivyo katika Afrika iliyo kusini ya Sahara. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Zaire ya wakati ule ilishika SECAM. Ama Tanzania Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa isiyolingana na haja za taifa la wakulima, na haikuwa mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi, ITV miongoni mwao, vikaanza kuonekana. Msomaji na aikumbuke tarehe hii, kwa kuwa ina maana kwamba mtu mwingi wa Bara alikutana na televisheni ya rangi na gemu ya televisheni karibu katika mwongo mmoja, na kwake yeye vitu hivyo viwili vilizaliwa pacha.

Sasa twende Kyoto. Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo iliiuza kwa mara ya kwanza mashine yake ya Famicom, kazi ya jopo lililoongozwa na mhandisi Masayuki Uemura, kwa bei ya yeni 14,800. Ili bei hiyo iwezekane, kila kilichoweza kubanwa kilibanwa, na chipu ya picha iliyotengenezwa na kampuni ya Ricoh, iitwayo 2C02, ilipewa njia fupi ya kuzalisha rangi. Haikuhifadhi vipimo vya wekundu, ukijani na ubuluu kama zifanyavyo kompyuta za leo. Ilihifadhi namba, na kila namba iliamuru wimbi fulani la NTSC litoke papo hapo kwenda kwenye televisheni. Namba zilikuwa 64, zimepangwa safu nne kwa kadiri ya mwanga, na katika kila safu zilikuwamo pembe kumi na mbili, zikitengana kwa digrii 30, pamoja na vijivu na weusi wa kujaza nafasi. Ukiondoa zinazojirudia hubaki rangi 54 au karibu yake, na katika kioo kimoja kwa wakati mmoja hazikuweza kuonekana zaidi ya 25. Ilikuwamo hata namba moja, 0D kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, iliyoushusha umeme chini ya kiasi cha weusi halali, hata baadhi ya televisheni zikapotewa na mizani ya picha, na waandishi wa gemu wakajifunza kuiepuka.

Ukifungua mashine hii ukatafuta buluu ndani yake hutaiona. Utaona pembe na kimo. Hii ndiyo tafauti kubwa baina ya Famicom na mashine zilizoifuata, kama Mega Drive ya Sega ya mwaka 1988 yenye rangi 512, au Super Famicom ya mwaka 1990 yenye rangi 32,768, ambazo zilitunza kila rangi kwa vipimo vitatu vya wekundu, ukijani na ubuluu, na kwa sababu hiyo mabishano juu yake ni mepesi. Na kabla ya Famicom ilikwisha kuonekana ibra ya jambo hili katika Atari 2600 ya mwaka 1977: mashine iliyouzwa kwa NTSC ilikuwa na rangi 128, ya PAL rangi 104, na ya SECAM rangi 8 tu. Mtoto wa Chicago na mtoto wa Paris waliweza kucheza gemu ya jina moja, na macho yao yakaona dunia mbili.

Hata ndani ya fungu moja la NTSC hapakuwa na umoja. Japani na Marekani zilikubaliana juu ya wimbi, zikahitilafiana juu ya weusi na weupe: Marekani iliuinua weusi asilimia 7.5 juu ya sifuri, Japani ikauacha sifurini. Na televisheni za Japani zilirekebishwa kwa weupe wenye kuegemea ubuluu, wa Kelvini 9300, ilhali kipimo cha Marekani kilikuwa 6500. Fauka ya hayo, viwanda vya televisheni viliupotoa usomaji wa pembe kwa makusudi, vikiongeza wekundu ili nyuso za watu zipendeze. Kwa hiyo namba ile ile, katika chipu ile ile, ilitoa mbingu moja Osaka na mbingu nyingine Boston, na hapana aliyedanganya.

Mashine ya Nintendo ilipopelekwa Ulaya katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, Ricoh ilitengeneza chipu nyingine, 2C07, ya kutoa wimbi la PAL. Picha sasa zilikuwa 50 kwa sekunde badala ya 60, na mistari 312 badala ya 262. Muziki na mwendo, isipokuwa katika gemu zilizosahihishwa, ukapungua kasi kwa karibu sehemu moja ya sita. Na hata vidhibiti vya kukoza wekundu na ukijani vikabadilishana mahali.

Lakini mashine zilizowafikia watoto wa Tanzania aghalabu hazikuwa za Kyoto wala za Ulaya. Zilikuwa nakala. Viwanda vya Taiwan, na mbele yao United Microelectronics Corporation, kwa kifupi UMC, viliiga chipu za Ricoh, vikatoa namna yake ya PAL ambayo ilikuwa na mistari na picha kwa hesabu ya Ulaya, lakini mwendo wa ubongo wake ukafananizwa na wa Japani, ili kaseti zilizoandikwa kwa ajili ya Japani zichezeke bila kukwama. Mwaka 1992 nakala ya namna hiyo iliuzwa Urusi kwa jina la Dendy, ikawa ndiyo mashine ya kizazi kizima cha huko. Na nakala za ukoo huo huo, zenye majina mengi na maganda ya maumbo mengi, ziliingia masoko ya Asia, ya Amerika ya Kusini na ya Afrika, na kwetu zikaitwa TV gemu. Kaseti zake, nyingi zikiwa za manjano, zilibandikwa karatasi iliyoahidi gemu maelfu kwa maelfu, na mchezaji alipoiteremsha orodha aligundua kwamba gemu ni chache zinazojirudia, moja ikianzia hatua ya tatu, nyingine ikiwa ile ile iliyobadilishwa rangi. Hao waliobadilisha rangi hawakukusudia elimu, ila wao pia wameingia katika tarikh hii, maana walimfundisha mtoto kwamba gemu yaweza kuwa ile ile na rangi isiwe ile ile.

Tazama sasa jinsi mashine hiyo ilivyoingia katika nchi ya Uluguru. Mkoa wa Morogoro ndio uliobeba bwawa la Kidatu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1975 na kufikia uwezo wa megawati 204, na umeme huo ulipita juu ya vijiji vingi ukielekea mijini. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, miaka zaidi ya thelathini baadaye. Katika kipindi hicho kirefu, mwenye hamu ya televisheni katika kijiji kisicho na nguzo alinunua betri ya gari, akaipeleka kuchajiwa palipo na umeme au jenereta, na nyumbani akaiunga na televisheni ndogo ya volti 12, ambayo mara nyingi ilikuwa nyeusi na nyeupe. Aliye na umeme wa nguzo alikuwa na televisheni ya rangi yenye mgongo uliotokeza nyuma, ile ambayo leo tunaiita TV chogo, nyingine ikiwa imetumika ng'ambo kabla ya kuuzwa Kariakoo au kuletwa kutoka Dubai. Na aliyejaliwa kuwa na televisheni na TV gemu pamoja alifungua banda, akaweka mabenchi, akatoza watoto.

Hapa ndipo ninapotaka kusogea karibu, kwa sababu kitu chenyewe ni kidogo na uzito wake ni mkubwa. Katika Super Mario Bros. mawingu na vichaka vimechorwa kwa mchoro mmoja. Aliyeandika gemu, kwa kubana nafasi ya kumbukumbu, alitumia umbo la wingu mara mbili, akalipaka weupe likiwa juu na ukijani likiwa chini. Kwa hesabu ile ile ya msingi wa kumi na sita, mbingu ina namba 22, na kijani cha mwili wa kichaka kina namba 29. Namba hizi mbili zimo katika safu moja ya mwanga, zikitafautiana kwa pembe peke yake. Sasa iweke gemu hiyo katika televisheni nyeusi na nyeupe, isiyojua pembe ni nini: mbingu na kichaka vinakuwa kijivu kimoja, na kichaka kinasimama kwa nguvu ya ukingo wake mweusi na kivuli kidogo tu, kama dirisha ambalo mbingu inaonekana ndani yake; ilhali wingu, ambalo ni pacha wake, linang'aa jeupe juu. Mtoto wa televisheni ya betri alikuwa na jedwali la rangi lililo sahihi kabisa kwa chombo chake, nalo lilikuwa na ngazi chache za mwanga pamoja na weusi, basi. Na hali ilikuwa hiyo hiyo kwa aliyeletewa mashine ya NTSC akaiunga na televisheni ijuayo PAL tu: rangi zilitoweka, ikabaki picha ya kijivu yenye vitone vinavyotambaa, na fundi akaitwa kutibu ugonjwa ambao haukuwamo katika mashine wala katika televisheni, bali katika ndoa yao.

Fundi huyo naye ana nafasi yake katika tarikh hii. Televisheni ya chogo huzaa rangi kwa mishale mitatu ya elektroni inayopiga vumbi la fosfori nyekundu, kijani na buluu nyuma ya kioo, na mishale hiyo haichakai kwa usawa: mmoja ukilegea, weupe wote huingia umanjano au usamawati. Fundi hufungua mgongo, hutafuta vijiti vidogo vya kurekebishia vilivyo kwenye bodi ya shingo ya kioo, hushika bisibisi, hutazama kioo kwa kioo kingine alichokisimamisha mbele yake, akageuza huku akiuliza walioketi mbele kama nyuso sasa zimekuwa nyuso. Anapima kwa ngozi ya binadamu, kwa majani, kwa nguo nyeupe, yaani kwa vitu vilivyo na asili duniani. Baada ya yeye kuondoka, mbingu ya Mario hurithi hukumu yake bila ya mtu yeyote kuiulizia.

Zama za uigaji zilipofika, mambo haya yaliyokuwa yamejificha sebuleni yalitoka hadharani. Mwaka 1996 Marat Fayzullin alitoa iNES, programu iliyoiwezesha kompyuta kujifanya mashine ya Nintendo, na mwaka 1997 ikafuata NESticle iliyoenea kwa kasi kubwa. Kompyuta haitoi wimbi la NTSC. Inataka kuambiwa kwa kila namba, wekundu kiasi gani, ukijani kiasi gani, ubuluu kiasi gani, kila kimoja kati ya 0 na 255. Kwa hiyo kila mwandishi wa programu alilazimika kuandika jedwali la rangi 64, na jedwali halikuwamo katika mashine apate kulinakili. Wengine walikadiria kwa jicho mbele ya televisheni zao. Wengine walizinasa picha kwa kadi za kompyuta, wakarithi dosari za kadi hizo.

Wengine walikimbilia chipu ndugu ya 2C02, iitwayo 2C03, ambayo Nintendo iliiweka katika mashine za kumbi za michezo kama PlayChoice-10 ya mwaka 1986. Chipu hii ilitoa wekundu, ukijani na ubuluu kwa nyaya tatu mbalimbali, kila kimoja kwa ngazi nane, na hivyo ilionekana kuwa shahidi asiye na shaka, aliyetoka nyumba ile ile ya Kyoto. Lakini jedwali lake lilipangwa peke yake, kwa kuchagua kati ya rangi 512 ile iliyo jirani, na jirani si mwenyewe. Namba 22 katika 2C03 huleta wekundu 146, ukijani 146, ubuluu 255; wekundu na ukijani zimelingana, na mbingu imeingia urujuani waziwazi. Katika jedwali lililoenea sana katika programu za uigaji, namba hiyo hiyo ni wekundu 92, ukijani 148, ubuluu 252. Ukijani umeushinda wekundu, na mbingu imerudi kuwa samawati. Hapo ndipo ulipo mzizi wa fitina niliyoitaja mwanzo: kila upande unasoma kutoka kwa shahidi wa kweli, ila mashahidi wenyewe hawakusimama mahali pamoja.

Baadaye walikuja watu wa hesabu, wakasema: tuyaache macho, tulipime wimbi. Walilisoma kwa vyombo, wakaandika programu za kulitafsiri kama ilivyofanya televisheni, na kazi yao ni ya kuheshimiwa kuliko zote zilizotangulia. Walakini hata wao walipofika mwisho wa njia walilazimika kuchagua: weusi wa Japani au wa Marekani, weupe wa 9300 au wa 6500, fosfori za kanuni ya mwaka 1953 au za vioo vilivyouzwa hasa madukani. Nintendo yenyewe haikuumaliza ubishi. Ilipozirudisha gemu zake katika Wii mwaka 2006 ilizitoa na giza ambalo wachezaji wengi walilinung'unikia, na ilipotoa mashine ndogo ya ukumbusho mwaka 2016 ilikuja na jedwali lingine. Mwenye mali ametoa ushahidi mara mbili, na ushahidi wa pili haukuwafiki wa kwanza.

Ni kwa namna gani basi mtu mwadilifu atalinganisha majedwali haya? Mimi naona njia ni ile iliyotumiwa na wanazuoni wetu wa pwani na wa Bara katika elimu ya riwaya, ambao hawakuuliza tu neno limesema nini, bali waliuliza nani amelipokea kutoka kwa nani, mmoja baada ya mmoja, mpaka chanzo. Jedwali la rangi nalo lina isnadi yake, yaani mnyororo wake wa mapokezi: chipu gani, ya kiwanda gani na ya toleo gani, waya gani, wa antena au wa njano wa picha, televisheni gani, ya kanuni gani, iliyorekebishwa na nani, na chombo gani kilichopima mwisho. Jedwali lililotaja isnadi yake kamili laweza kuitwa sahihi kwa isnadi hiyo, na jedwali lisilotaja, hata likipendeza vipi, halina budi kusimama nyuma. Na majedwali mawili yenye isnadi mbili njema yakihitilafiana, hakuna haja ya kulitupa moja. Yote mawili ni kweli, kila moja ya mahali pake.

Tukiikubali kanuni hii, pengo moja linaonekana kwa dhahiri. Majedwali yanayotumiwa zaidi yamejengwa juu ya isnadi za Japani na Marekani, na baada yao Ulaya. Warusi, kwa kuwa waliipenda Dendy yao, waliifungua, wakapima mistari yake na mwendo wake, wakaandika. Na leo programu kadhaa za uigaji zina mlango wa tatu, baada ya NTSC na PAL, uitwao Dendy, na mlango huo huieleza mashine ya ukoo wa UMC popote ilipouzwa. Sisi tuliicheza mashine ya ukoo huo Morogoro, Tanga, Mwanza na Mombasa, na leo mtoto wa Mlali aliyekwisha kuwa mtu mzima, akitaka kuiona gemu ya utoto wake katika simu yake, huletewa mbingu ya Boston au ya Osaka, na huambiwa kwamba hii ndiyo sahihi. Yeye anakumbuka rangi iliyopoa zaidi, mwendo uliotulia zaidi, na sauti yenye ukali mwingine. Kumbukumbu yake haikukosea, kwa sababu PAL hupoza rangi pale NTSC inapoipotosha, picha 50 huenda polepole kuliko 60, na chipu nyingi za nakala zilibadilishana namna mbili za mawimbi ya sauti. Anachokosa ni maandishi ya kumuunga mkono.

Wakati wa kuandika unapungua. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia, na ving'amuzi vikaingia majumbani. Vioo bapa vikafuata, na TV chogo zikatolewa nje, zikavunjwa kwa ajili ya shaba iliyo ndani yake. Mtu asidhani kwamba kioo bapa chaweza kushika nafasi ya chogo katika ushahidi huu. Ile bunduki ya kupigia bata, iliyokuja pamoja na mashine nyingi za namna hii, ilifanya kazi kwa kungoja mwali wa chogo ulipuke mahali penye bata kwa wakati uliojulikana. Iunge na kioo bapa, na hakuna bata atakayeanguka milele. Dalili hii yatosha kuonyesha kwamba televisheni ilikuwa kiungo cha mashine yenyewe, na kwamba mwenye kuhifadhi mashine bila televisheni amehifadhi nusu.

Kazi inayotakiwa si ghali, na mafundi wa kuifanya wapo. Chukua TV gemu moja iliyo hai, uifungue, uandike namba zilizochapwa juu ya chipu zake. Katika nakala za bei ndogo za miaka ya baadaye chipu huwa zimefunikwa kwa tone la lami nyeusi, na hilo nalo liandikwe. Iunge na chogo iliyorekebishwa na fundi kwa jicho lake la kawaida, katika chumba chenye giza. Zipige picha rangi zote 64, moja moja, pamoja na karatasi nyeupe iliyoangazwa kwa taa inayojulikana, ili kamera nayo iwe na isnadi yake. Lipime wimbi la waya kwa osiloskopu katika maabara ya chuo chochote kilicho nayo. Kisha andika: hili ni jedwali la rangi la mashine fulani, kwa televisheni fulani, Mlali, mwaka fulani. Jedwali hilo halitaufunga ubishi wa samawati na urujuani, wala halikusudiwi kuufunga. Litafanya jambo lililo bora zaidi: litamwezesha mwanahistoria wa kesho, akiulizwa mbingu ya Mario ilikuwa na rangi gani, aulize kwanza ilikuwa inatazamwa wapi, na Mlali iwe mojawapo ya majibu aliyo nayo mkononi.